Mhandisi Mkuu Asiache Kushika Bodi

Februari iliyopita, joto la kaskazi limekolea, kijana mmoja aliisukuma tuktuk yake ya umeme hadi kibandani kwangu hapa Maweni, Malindi. Ilimzimikia njia ya Gede akiwa na abiria watatu na magunia mawili ya nazi. "Fundi, betri imejaa, lakini haivuti."

Nikafungua kontrola. Ndicho kisanduku kinachochukua mkondo mnyoofu wa betri na kuukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, mpaka uwe mkondo geu wa nyaya tatu wa kuzungusha mota. Inveta za mtambo wa jua wa megawati 40 kule Langobaya hufanya kazi ya namna hiyohiyo, ila kwa ukubwa wake. Ndani, kwenye bodi ya saketi, nikakuta transista mbili, zile swichi ndogo za kukata mkondo, zimepasuka tumbo. Grisi ya kupitisha joto kati yake na bamba la alumini ilikuwa imekauka. Nikiigusa kwa ncha ya bisibisi inamomonyoka kama unga wa muhogo. Miguu ya shaba imeota kutu ya kijani, na kijana anaapa maji hayakuingia. Namwamini. Huku kwetu chumvi haingoji mvua, inakuja na upepo.

Waliomuuzia waliniambia kontrola ilipimwa ikafaulu. Sibishi. Lakini ilipimwa wapi, na nani aliyeamua kwamba kipimo hicho kinatosha?

Hapo ndipo namtafuta mkuu wa wahandisi wa kampuni inayotengeneza kontrola. Simlaumu aliyepaka grisi. Mwenye mamlaka ya kusema "bodi hii haitoki mpaka ipakwe vanishi yote", ile ya kuzuia unyevu na chumvi, ni mkuu. Anajua kwamba kapasita za elektroliti, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu. Na wengi wa wakuu hao ukiwasikia, mazungumzo ni transista za silikoni kabaidi, zile ambazo kampuni ya Tesla ilizitia kwenye gari lake la umeme la Model 3 mwaka 2017. Ni kitu kizuri, hakipotezi umeme mwingi kwa joto, na kwenye gari la volti mia kadhaa faida yake ni kubwa. Lakini tuktuk ya volti 60 inakufa kwa grisi iliyokauka.

Naona tunakosea tunapompandisha cheo mhandisi hodari. Anapewa bajeti, anapewa vikao, na kuanzia siku hiyo hafungui tena kontrola iliyorudi imeungua. Zinafunguliwa na vijana wasio na sauti. Mimi ningetaka kila kontrola iliyorudi ipitie mezani kwake kwanza, na kila mwaka akae wiki nzima Pwani, mwezi huohuo wa Februari wenye joto, ashinde na madereva stejini. Na anapoajiri, awakumbuke vijana wa vyuo vya ufundi vya huku, ambao wamekua wakiona chumvi ikila mabati ya nyumba zao.

Bodi niliisafisha kwa spiriti, nikabadilisha transista zote, nikatia grisi mpya na vanishi. Kijana bado anabeba nazi. Zile mbili zilizopasuka ziko kwenye kikopo cha maziwa hapa rafuni. Mhandisi mkuu yeyote akipita Malindi, kiti kipo, nitamwonyesha.