Aliulizwa mara tatu, akajibu mara tatu

Wiki iliyopita nilikaa kwenye viti vya wasikilizaji katika mahakama moja hapa Uingereza, kesi ya ubakaji. Mlalamikaji alitoa ushahidi nyuma ya pazia, nikawa nasikia sauti tu. Wakili wa utetezi akambana: siku kumi na moja hukumwambia hata dada yako, kwa nini?

Baadaye jaji akawaelekeza wananchi 12 wanaoamua kesi. Wapo wanaosema papo hapo, wapo wanaokaa miaka. Msimhesabu mwongo kwa sababu tu alichelewa. Pimeni sababu aliyoitoa. Nilitamani kusimama nipige makofi.

Najua mtasema: kakaa Ulaya kidogo, keshaanza kutudharau. Sidharau. Sheria yetu ya Tanzania najivunia nayo. Tangu 1998 Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu. Katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika. Hawa Waingereza walisubiri sheria ya 1994 kufuta lile onyo la lazima kwamba ni hatari kumwamini mlalamikaji peke yake. Hawajatuacha mbali hivyo!

Kinachonikera ni kushika kanuni nusu. Shauri jingine la Mahakama ya Rufani, la Marwa Wangiti Mwita, linasema kumtaja mtuhumiwa mapema kunampa shahidi uzito, na kuchelewa bila maelezo kuifanye mahakama idadisi. Bila maelezo, jamani. Na kudadisi siyo kukataa.

Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kituoni kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Askari kashika fomu, kalamu haijagusa karatasi, anauliza: "Siku nne zote ulikuwa wapi?" Akajibu: "Naishi nyumbani kwa huyo aliyenibaka, ningelala wapi?" Akaulizwa tena, na tena. Jibu lilikuwa lile lile, na halikuandikwa hata mara moja. Kesi ilipofika mahakamani, ikaonekana alichelewa bila maelezo.

Na wanaosingiziwa je? Miaka 30 jela si mchezo, nakubali kabisa. Basi jibu liandikwe siku ile ile, kwa maneno yake mwenyewe. Kama anadanganya, wakili atambana kwa hayo hayo. Rafiki yangu alikuwa tayari kubanwa.