Nimeirudia Fresh Prince, safari hii nimekaa upande wa mama mdogo

Jumamosi iliyopita mtoto wa dada yangu, yuko form three, anakaa na mimi hapa Kimara tangu mwaka jana, alinikuta naangalia The Fresh Prince of Bel-Air kwenye laptopu, ile siriizi ya vichekesho ya Marekani ya kijana Will anayetoka Philadelphia kwenda kukaa kwa ndugu zake matajiri, akaja akakaa. Baada ya kama dakika tano hivi akaniuliza, "Mamdogo, hao wanaocheka wako wapi?" Nikachelewa kumjibu kwa sababu mimi miaka yote hiyo sikuwahi hata kuwasikia. Nikamweleza kwamba zamani vichekesho vya familia kule Marekani vilirekodiwa studio mbele ya watu, wamekaa kabisa kama ukumbini, wanacheka papo hapo. Akanyamaza kidogo alafu akasema, sasa mbona kila yule baba akisogelea chakula wanamcheka, kwani kula ni kosa?

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima ndo maana naandika.

Mimi siriizi hii niliiona nikiwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 90 kuingia 2000, kwa jirani yetu pale Tabata aliyekuwa na deki na kanda alizoletewa na ndugu yake. Yenyewe ilishaisha kitambo, ilianza Septemba 1990 ikamalizika Mei 1996, sizoni sita, episodi 148, ila sisi hatukujua hayo wala hatukujali, Kiingereza tulikuwa tunadaka neno moja moja, Carlton, kijana wa nyumba ile, akianza tu kucheza basi sebule nzima hoi. Na wakati huo mimi nilikuwa nakaa kwa watu. Nasema kwa watu kwa sababu ndivyo tunavyosema, ingawa alikuwa mama yangu mdogo kabisa, amezaliwa tumbo moja na mama, niliteremshwa na basi Ubungo nikitokea Korogwe ili nisome Dar. Kwa hiyo Will alipokuwa anaingia kwenye lile jumba na begi lake na kofia kaigeuza, wenzangu walikuwa wanashangaa ukubwa wa nyumba, mimi nilikuwa naangalia atakaa kiti gani.

Sasa kuna kitu naona tunakikosea kila tukiisimulia. Tunasema Will alipelekwa kwa mjomba wake. Jamani, yule sio mjomba. Uncle Phil na Will hawana damu moja hata tone, mwenye damu na Will pale ndani ni Aunt Viv, dada wa mama yake. Na dada wa mama kwetu ni mama, awe mkubwa awe mdogo, shangazi ni wa upande mwingine kabisa, na mume wa mama mdogo ni baba mdogo, na hao akina Carlton, Hilary na Ashley hao ni kaka na dada, mama mdogo anakuzalia ndugu. Yaani ukiihesabu familia ile kwa Kiswahili unakuta ni habari ya mtoto aliyetoka kwa mama mmoja akaenda kwa mama mwingine, na huko akakuta baba. Waandishi wenyewe sidhani kama walikuwa na hesabu hiyo, lakini sisi tunaoangalia tukiwa na maneno haya mdomoni tunaona kitu ambacho wao imewachukua sizoni nne kukisema.

Na ile episodi ya kwanza kabisa ni mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe, ila huku jembe anapewa siku hiyohiyo. Suti, adabu mezani, ongea vizuri mbele ya wageni wa baba. Will anabishana, ametundika ukutani bango la Malcolm X, yule mpigania haki za watu weusi Marekani, anamwona Uncle Phil kama tajiri aliyesahau alikotoka, na yule mzee anamjibu kwamba yeye Malcolm alimsikia akihutubia kwa masikio yake. Alafu anatoka, na Will anabaki peke yake anakaa kwenye piano anapiga Beethoven, na mzee anasikia. Utotoni sehemu hiyo ilikuwa inatuboa sana tulikuwa tunataka waipeleke mbele. Leo naona ndo kila kitu kiko pale, kila mmoja kamdharau mwenzake kwa kumwangalia juujuu. Mimi mwenyewe wa kwangu alipofika nilishajiandaa kumfundisha kutumia pasi, kumbe anapiga pasi kuliko mume wangu.

Lakini aliyenishika safari hii ni Aunt Viv. Ukiangalia sasa, ukiwa mama mdogo wa mtu, unaona yule mwanamke alikuwa nani. Ni mwalimu wa chuo, ana PhD, anafika mpaka kufundisha historia ya watu weusi shuleni kwa akina Will na hamwonei huruma mtu, na kuna ile ya sizoni ya pili anatimiza miaka 40 anaenda kwenye usaili wa kucheza dansi, wasichana wadogo wanamcheka pembeni, alafu muziki unaanza. Janet Hubert, aliyecheza Aunt Viv, kusomea dansi alisomea kweli na ndo maana pale hakuna wa kumgusa. Mwanamke mweusi, mweusi wa kweli, yuko katikati ya tv na hakuna anayemwomba radhi mtu kwa rangi yake. Mimi nilikulia kwenye mji ambao dawa za kujichubua zinauzwa kila kona, kuna mkorogo wa kopo na mkorogo wa kuchanganyiwa, na watoto wa kike tukiitwa kwa rangi zetu tangu chekechea, nilihitaji sana kumwona huyo mama na nilimwona bila kujua kwamba nilimhitaji.

Alafu akaondoka. Baada ya sizoni ya tatu akaletwa Daphne Maxwell Reid kumcheza Aunt Viv, mweupe zaidi, mpole zaidi, na kutoka hapo mama wa nyumba ile anaanza kurudi nyuma, episodi zinazomhusu zinapungua, anabaki kuingia na kutoka na kuuliza watoto mmekula. Simlaumu Daphne hata kidogo, alipewa kazi akaifanya. Ila kuna sehemu mwanzoni mwa sizoni ya nne, 1993, Jazz, rafiki yake Will, anamwambia Aunt Viv kwamba tangu ajifungue anamwona kabadilika, na Will anaigeukia kamera anatuangalia, na watu wanacheka sana. Na sisi Tabata tulicheka. Baadaye nikaja kujua kwamba Janet kweli alikuwa mjamzito wakati anarekodi sizoni ya tatu, na kwa maelezo yake mwenyewe alipewa mkataba wa muda mfupi wenye sharti la kutofanya kazi sehemu nyingine, akaukataa, na akatoka akiwa na mtoto mchanga na jina la kwamba ni mkorofi. Yeye na Will Smith hawakuongea miaka 27. Wakaja kukaa mezani 2020 kwenye kile kipindi cha kutimiza miaka 30, na pale Will alikiri kwamba hakuwa mwema kwake. Kwa hiyo sasa nikifika kwenye ile sehemu ya Jazz sicheki, naona wamegeuza masaibu ya mama mzazi kuwa utani, na aliyefanyiwa utani hayupo chumbani kujibu.

Vingine vilivyochakaa nitavipitia haraka maana kila mtu anaviona. Utani wa unene wa Uncle Phil haukomi, mwanangu alishauona ndani ya dakika tano. Mistari ya Will kwa wasichana, anakataliwa anang'ang'ania anakataliwa tena, na inachukuliwa ndo uchangamfu wenyewe, hapana, hiyo leo ukimwambia kijana aige umempoteza. Na Hilary kufanywa mjinga kila siku, wakati huyohuyo Hilary ndo kaja kuwa na kipindi chake cha tv.

Geoffrey, mtumishi wa nyumba ile, ndo nataka nikae kidogo. Tulikuwa tunampenda kwa sababu anawajibu mabosi wake, yaani Phil anasema kitu Geoffrey anatupia neno moja la chini kwa Kiingereza cha Uingereza na kila mtu anacheka. Ila sisi tunaoishi na wadada wa kazi tunajua kwamba ulimi wa namna hiyo kwenye nyumba nyingi za mji huu ungemfungashia mtu begi jioni hiyohiyo. Na ukisubiri mpaka sizoni ya sita ndo unaambiwa ana mtoto, Frederick, wa kiume, mkubwa tayari. Sizoni sita! Miaka yote anamwandalia Ashley chakula, anapokea makoti ya Carlton, anaamka kwa kengele ya watu wengine, na mwanae kakulia mbali na yeye. Mwishoni kabisa anarudi London akawe naye. Pale kwa mama mdogo Tabata tulikuwa na dada kutoka Singida, alikuwa ananisuka kila Jumapili, mikono yake miepesi sana, na mimi nilikaa naye miaka mitatu ndo nikajua ana mtoto kamwacha kwa bibi yake. Nilijua siku aliyoaga. Hakuna aliyemficha huyo mtoto, ni kwamba hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo watu wakisema Geoffrey ni kituko tu cha kizamani mimi nasema waiangalie tena, siriizi ilimfanyia kilekile tunachowafanyia sisi, na walau mwisho ilimuuliza.

Ile remeki ya 2022, Bel-Air, iliyotokana na trela ambayo kijana mmoja anaitwa Morgan Cooper aliitengeneza mwenyewe akaitupia mtandaoni 2019, wamerekebisha mengi ya haya. Aunt Viv ni mchoraji na ni mweusi tena, Geoffrey ni meneja wa nyumba mwenye sauti. Nzuri, nimeiangalia. Lakini wametoa kicheko chote, na kukaa kwa watu kuna kicheko, kuna kicheko kingi mno, mnalala watatu kitanda kimoja mnacheka mpaka mnagongewa ukuta. Bila hicho naona kama wamesimulia nusu.

Na wanaodhani ile ya zamani ilikuwa vichekesho vitupu nawaomba waende sizoni ya kwanza, episodi ya sita, ya Oktoba 1990. Will na Carlton wanapeleka Mercedes ya wakili mwenzake Uncle Phil mpaka Palm Springs, polisi wanawasimamisha, wanawekwa ndani kwa sababu vijana weusi gari zuri vile wamelipata wapi. Hiyo ni miezi kabla dunia haijaiona video ya Rodney King, mtu mweusi, akipigwa na polisi, Machi 1991. Lakini kinachoniuma mimi ni Carlton baadaye nyumbani, anaendelea kusisitiza kwamba polisi walifanya kazi yao, tulikuwa tunaendesha polepole ndo maana, alafu anamgeukia baba yake amuunge mkono. Na baba yake, jaji mtarajiwa, anamwambia hilo swali mimi nilijiuliza siku ya kwanza niliyosimamishwa. Anapanda ngazi anaenda kulala, Carlton anabaki pale. Hakuna utani wa kufungia.

Basi Jumapili tukafika ile ya 1994 ambayo kila mtu anaijua. Lou, baba yake Will, dereva wa malori, anatokea baada ya miaka 14, anamwahidi kijana watasafiri wote likizo nzima, na Will anapaki mabegi, kamnunulia na zawadi, sanamu dogo la baba na mwanae. Alafu Lou anatafuta sababu ya kuondoka na anataka Phil ndo akamwambie mtoto. Watu wengi mtaani wanaamini kwamba Will Smith pale alikuwa analia kwa yake, sio kweli, baba yake alimlea, ile ni kazi tu. Lakini James Avery, anayecheza Uncle Phil, anavyosimama pale! Hasemi mengi. Kijana anahesabu vyote alivyojifunza bila baba, kuendesha gari, kunyoa ndevu, birthday 14 bila hata kadi, na Avery yupo tu, mwili wake mkubwa huohuo waliokuwa wanaucheka tangu 1990 sasa ndo mahali pekee pa kuegemea. Avery alifariki siku ya mwisho ya 2013. Nilikuwa nimemgeukia mwanangu nimwambie hicho, kwamba huyo baba mdogo wake Will uliyemuulizia ndo huyu, nikakuta hayupo kwenye kochi.

Nilimkuta uani. Maji yalikuwa yanatoka na alikuwa anakinga, ndoo zote zimejaa, na madumu, na alikuwa ameanza na beseni za kufulia ambazo hakuna aliyemwambia azijaze. Baba yake na yeye aliahidi kuja Pasaka. Mimi nazijua hizo beseni, nilizijaza sana Tabata. Nikafunga bomba nikamwambia aache, aje ndani.

Akakaa. Akaniuliza kama Will mwishoni anarudi kwao Philadelphia. Nikamwambia harudi, wenye nyumba ndo wanauza nyumba wanatawanyika, Carlton anaenda Princeton, wazee na akina Hilary na Ashley wanahamia New York, Will anabaki California kumalizia chuo na yeye ndo anayezima taa.

"Yeye mgeni?"

"Yeye. Alafu Carlton anapiga kelele kutoka chooni, nani kazima taa."

Hapo ndo akacheka.