Mawimbi ya magnetostatiki: yamekufa kweli, au tunayahukumu kwa kazi isiyo yao?

Kuna maneno yanazunguka sana kwa mafundi wa redio na vijana wa elektroniki hapa Unguja, kwamba habari za feraiti (vitu vya sumaku visivyopitisha umeme) na sumaku kwenye maikrowevu ni mambo ya zamani, saivi kila kitu ni chipu na programu, kwa hio mwanafunzi wa vyuo vya Mbweni au Tunguu anaejishughulisha na mawimbi ya magnetostatiki anapoteza wakati wake. Wapo na wengine, wachache, wanaosema hii ndio teknolojia itakayofuta filta zote tunazozijua, yaani vichujio vinavyopitisha masafa unayoyataka na kuzuia mengine. Mie nimewasikiliza wote, na wale wa mwanzo wana hoja nzito kuliko hata wanavojua wenyewe, lakini hitimisho lao silikubali.

Kwa ambae hajakutana nayo: kuna fuwele inaitwa YIG, ya itriamu, chuma na oksijeni, iliyogunduliwa Ufaransa 1956. Inaoteshwa kama utando mwembamba wa maikroni kadhaa juu ya fuwele nyengine, halafu inawekwa ndani ya uga wa sumaku. Elektroni zake zinayumba kuuzunguka ule uga, na ukiushtua utando upande mmoja kwa waya mdogo wenye mawimbi ya maikrowevu, ule myumbo unasafiri mpaka upande wa pili, na huo ndio wimbi la magnetostatiki. Unasafiri polepole mno ukilinganisha na mwanga, kwa hio urefu wa wimbi unakuwa mfupi sana, yaani wimbi la gigahezi 3 ambalo hewani lina sentimita 10 ndani ya utando linaweza kuwa chini ya milimita moja. Ndio maana kifaa kinakuwa kidogo.

Na utamu wenyewe ni kwamba masafa unayachagua kwa sumaku. Chukua uga wa tesla 0.1 uliolala sambamba na utando, ukipiga hesabu za Damon na Eshbach za 1961, mawimbi ya uso yanakaa kati ya gigahezi 4.6 na 5.25 hivi, ongeza uga na dirisha zima linapanda juu. Hakuna koili ya kubadilisha wala kapasita ya kuzungusha. Tena haya mawimbi ya uso yana tabia moja ya ajabu, yanayokwenda mbele yanashika uso mmoja wa utando na yanayorudi yanashika uso wa pili, kwa hio unapata kifaa kinachopitisha vizuri upande mmoja na kuzuia mwengine.

Sasa kwa nini mafundi hawaioni minarani? Hapa tusiseme kijuujuu. Kila fundi wa linki, yaani redio za minara kurushiana mawimbi, anajua shida ya spea za ODU, lile boksi la redio linalokaa nje juu ya mnara: redio imekuja na filta yake ya kudumu ndani, hii ya masafa ya upande wa juu na hii ya upande wa chini, ikifa ya juu na stoo uliyonayo ni ya chini, basi unasubiri meli. Mtu akisikia filta inayohama masafa anasema alhamdulillahi, spea moja itatosha. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionesha filta ya mawimbi haya haya inayohama kutoka gigahezi 3.4 mpaka 11.1, na haili umeme ikishawekwa kwenye masafa yake, kwa sababu sumaku zake zinapigwa pigo fupi la umeme kisha zinabaki hivo hivo. Kwa sie tuliokaa gizani karibu miezi mitatu baada ya kebo ya umeme kuharibika mwisho wa 2009, na minara ikaendeshwa kwa jenereta, neno "haili umeme" si dogo.

Lakini tizama na nambari zake nyengine. Upana wa bendi ni kama megahezi 18 mpaka 25, na chaneli ya linki ya kawaida ni megahezi 28 au 56, haiingii. Upotevu wa ishara ikipita ndani yake ni desibeli 3 mpaka 5, desibeli 3 tu ni nusu ya nguvu imekwenda, na ukiiweka mbele ya kikuza mawimbi cha mapokezi unaipunguza redio usikivu hapo hapo. Kwenye linki inayovuka bahari baina ya Unguja na Pemba, ambako maji yanarudisha mawimbi na hewa ya joto juu ya bahari inayapinda, ile akiba ya desibeli ndio inayokuokoa wakati mawasiliano yanapofifia, huigawi hivi hivi. Na kuna la zaidi ambalo halisemwi sana: kasi ya mawimbi haya inabadilika kwa masafa, kwa hio sehemu moja ya chaneli inachelewa kuliko nyengine, na moduleisheni nzito za siku hizi (namna ya kupakia data nyingi kwenye wimbi) zinaharibika kwa hilo. Joto nalo linahamisha masafa, na mnara wa chuma juani si maabara.

Nguvu ndio usiseme. Kwenye masafa ya chini ya maikrowevu, ya gigahezi chache, utando unaanza kulemewa na nguvu ya miliwati moja au hata chini ya hapo. Kwa upande wa kurusha, basi, mjadala umekwisha.

Ila udhaifu huo huo, khasa huo, ndio unaonifanya nisikubali kwamba yamekufa. Utando ukilemewa haulemewi wote, unalemewa pale kwenye masafa ya ile ishara kali, wakati ishara dhaifu iliyo megahezi kidogo pembeni inapita salama. Barazani ni kama anaepiga kelele apunguzwe sauti yeye peke yake na wengine waendelee kusikika. Programu haiwezi kufanya hivo mbele ya mapokezi, kwa sababu ishara kali ikishaijaza chipu ya kugeuza mawimbi kuwa nambari, ile dhaifu imeshapotea na hakuna hesabu ya kuirudisha. Mpokezi wa GPS karibu na redio kali anahitaji kinga ya namna hii, na inafanya kazi bila kuambiwa adui yuko masafa gani.

Tena ndugu yake, kile kidude cha duara cha YIG chini ya milimita moja, kiko ndani ya spektramu analaiza nyingi nzuri (vipimio vinavyoonesha ishara zilizopo kwenye kila masafa), kikiendesha osileta, yaani kitoa mawimbi, na filta za mwanzo. Chipu zimemnyang'anya nafasi kubwa, sumaku yake inakula umeme na haigeuki haraka, lakini kwa usafi wa ishara kwenye upana mkubwa wa masafa bado watu wanamlipia.

Kwa hio nikiulizwa na kijana wa KIST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Karume, asome au asisome, namwambia asome, ila asiende nayo kwenye linki. Aende nayo kwenye mapokezi yanayosongwa na makelele na kwenye vipimio. Na wanaoisubiri minarani waangalie nambari mbili, upotevu ushuke chini ya desibeli 2 na bendi ifike megahezi 56 bila kuchelewesha pembe moja ya chaneli. Hio ya pili naiona ngumu zaidi, kwa sababu inatokana na wimbi lenyewe, si ufundi wa kuotesha fuwele.