Kwa Nini Naipenda -ngali-

Husemwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii nimeisikia tangu utotoni na sijawahi kuikubali kikamilifu, kwa kuwa sarufi yetu yenyewe inaipinga: Kiswahili kimetenga kiambishi kizima, -ngali- (au -ngeli-, kama wengine wasemavyo), kwa ajili ya jambo ambalo wakati wake umekwisha na halikutokea. Anayesema "ningalijua" anakiri kwamba mlango umefungwa, lakini mkono wake bado uko kwenye kitasa. Riwaya za historia mbadala na za safari za wakati zimezaliwa na mkono huo.

Wanaozibeza hudai kwamba ni kimbilio la watu walioshindwa kuikabili leo. Mimi naona kinyume chake. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Mwanamfalme Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, alikuwa amekwisha kuponea bomu asubuhi ileile alipoamua kwenda kuwajulia hali majeruhi hospitalini. Njia ya msafara ikabadilishwa, madereva hawakuarifiwa, gari lake likakata kona isiyotakiwa, na liliposimama ili lirudi nyuma, Gavrilo Princip, mmoja wa vijana waliokula njama ya kumuua, alikuwa hatua chache tu kando yake, na bastola anayo; akampiga risasi na kumuua. Mwezi mmoja baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza. Tukilisoma tukio hilo leo, vita huonekana kama mto ambao usingeweza kufika popote isipokuwa baharini. Mwandishi wa historia mbadala humwacha dereva anyooke na barabara, kisha hutuuliza iwapo mashindano ya silaha na mikataba ya kijeshi ya wakati ule yangalipata cheche nyingine. Huenda yangaliipata. Hata hivyo, watu wa mwaka 1914 wanarudishiwa kitu tulichowanyang'anya kwa kuujua mwisho wao, yaani kesho isiyojulikana, ambamo uamuzi wa kila mmoja ulikuwa na uzito.

Ndiyo maana siridhiki na riwaya inayobadilisha mshindi wa vita, ikachora ramani na bendera mpya, kisha ikamsahau binadamu.

Safari za wakati huongeza jambo zito zaidi, kwani humpeleka mtu wa leo akawajibike kule. Katika *Kindred*, riwaya ya Octavia Butler ya mwaka 1979, Dana, mwanamke Mweusi anayeishi California mwaka 1976, huvutwa mara kwa mara hadi Maryland ya enzi za utumwa ili amwokoe Rufus, mtoto wa mmiliki wa watumwa, ambaye asipoishi hadi kumzaa bibi mmoja wa ukoo wao, Dana mwenyewe hatakuwepo. Butler hakueleza mashine yoyote, wala sikuikosa. Nilipoisoma nilijikuta nikimwombea Rufus apone, ilhali nilikwisha kuona anakua kuwa mtu wa namna gani, na ilinibidi nikifunge kitabu kwa muda kabla ya kuendelea.