Shemeji, soma kwanza stika ya mlangoni

Ijumaa usiku shemeji yangu alitupia picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Pikapu yake imebeba kempa, kijumba cha kulala safarini kinachokaa mgongoni mwa pikapu, aliyoinunua kwa mtu, mkia umekaa chini, pua imeelekea juu kama boti inayoondoka gatini. Baada ya nusu saa ikaja picha ya pili: amefunga mifuko ya hewa ya kusaidia springi za nyuma na gari limesimama sawasawa. Chini ameandika, "Sasa inabeba. Moab tunakwenda." Moab ni mji wa Utah, huko Marekani wanakoishi. Vidole gumba vikamiminika kuanzia Tabata hadi Minneapolis. Mimi sikuweka. Niliandika ujumbe mrefu nikaufuta, maana kumkosoa shemeji mbele ya ukoo mzima si adabu. Lakini pembeni yake atakaa dada yangu, na kiti cha nyuma watakaa wapwa zangu wawili. Kwa hiyo naandika hapa, na najua atasoma.

"Sasa inabeba." Maneno hayo mawili yameninyima usingizi.

Springi na mifuko ya hewa hunyanyua gari. Kazi yake inaishia hapo. Gari lililozidiwa na mzigo likinyanyuliwa linabaki limezidiwa vilevile, ila sasa halionyeshi. Breki ni zilezile zilizotoka kiwandani, zimepimwa kusimamisha uzito fulani. Ekseli ya nyuma ni ileile, beringi zake zilezile, chasisi ileile, matairi yaleyale. Ule mkia uliokaa chini ulikuwa unamwambia jambo, naye akatafuta namna ya kuunyamazisha. Nyumbani pia tunafanya hivyo: fundi anaongeza springi mbili, mwenye gari anatoka gereji akiamini amenunua tani nyingine.

Baba yangu aliendesha malori ya Dar hadi Tunduma, na likizo alinichukua nikakaa kwenye kichwa pamoja na utingo. Mizani ya Mikese alikuwa akishuka mwenyewe kutazama uzito wa kila ekseli kabla hajauliza wa jumla, kwa sababu jumla inaweza kuwa halali huku ekseli moja imezidi. Tukirudi Dar, Kitonga aliingia akiwa tayari kwenye gia ya chini, kabla mteremko haujaanza, na hakuipandisha mpaka tulipofika bondeni. Hatukuzungumza. Redio alizima. Nilikuwa mtoto na nikadhani anaogopa korongo. Siku moja nikamuuliza, akasema anasikiliza breki. Kuna malori aliyoyajua, na watu aliokula nao, waliobaki mle.

Sasa tazama njia ya shemeji. Kutoka Denver anapanda barabara kuu ya I-70 hadi handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, halafu anashuka kuelekea Silverthorne kwenye mteremko wa karibu asilimia saba. Pembeni ya mteremko huo zimejengwa njia za dharura za kupokea malori yaliyofeli breki. Walizijenga kwa sababu zinahitajika.

Twende kwenye hesabu, maana nilikwenda kwake Jumapili nikafungua mlango wa dereva na kusoma ile stika. Inasema abiria na mizigo kwa pamoja visizidi paundi 1,580, yaani kilo 717. Dereva anahesabiwa humo. Kempa kwenye karatasi yake ina kilo 658, na hapo shemeji akaona amebakiwa na kilo 59 za kutosha. Lakini uzito ule ni wa kempa tupu. Tanki la maji ni galoni 20; yakijaa ni kilo 76. Mtungi wa gesi uliojaa, kilo 17. Betri, kama 25. Kiyoyozi cha juu kilichofungwa baadaye, kama 40. Yeye, dada na watoto, kwa makadirio yangu ya upole, 222. Nguo, magodoro, boksi la barafu, sufuria za dada ambaye haendi popote bila sufuria zake, mkaa, viti, vyakula: tuseme 120. Jumla kilo 1,158. Amezidisha kilo 441, na sijaweka baiskeli za watoto.

Mafuta ya kwenye tanki sikuyahesabu, kwa kuwa stika imeshayatoa.

Aliyemuuzia alimwambia pikapu hiyo "inavuta paundi 9,000". Inavuta, ndiyo. Trela ina ekseli zake, matairi yake, na ikiwa nzito inakuwa na breki zake. Kempa haina kitu hata kimoja katika hivyo; uzito wote unakalia mgongo wa pikapu. Mtu anayeuza vitu hivi kila siku anaijua tofauti hiyo, na kunyamaza mbele ya baba wa watoto wawili ni jambo ninaloshindwa kulisamehe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mifuko ya hewa ina faida yake: taa za mbele hazimulikii miti, na kwenye kona gari halilewilewi sana. Nakubali pia wapo watu wamezunguka Marekani nzima wamezidisha na wamerudi salama. Baba naye alikuwa na rafiki aliyeshuka Kitonga miaka kumi na kitu kwenye gia kubwa.

Ile "nusu tani" wanayoziita pikapu kama yake ni jina la daraja la zamani tu, usilitumie kupigia hesabu. Na pikapu mbili za aina moja, mwaka mmoja, zinaweza kupishana sana. Ukiongeza paa la kioo, viti vya ngozi na gia ya magurudumu manne, kila kimoja kinakula kwenye mzigo. Matairi yana kikomo chake, kimeandikwa ubavuni. Kitovu cha uzito wa kempa lazima kiwe mbele ya ekseli ya nyuma, la sivyo usukani unakuwa mwepesi mlimani.

Kempa ile inataka pikapu ya daraja la "tani moja", nalo ni jina tu. Zenye tairi mbili mbili nyuma, nyingi stika yake inapita kilo 2,000. Najua bei zake, na najua shemeji amelipa pesa taslimu alizozitafuta kwa zamu za usiku. Kama hataki kubadili gari, basi abadili kempa: zipo za paa la kunyanyuka ambazo tupu hazifiki kilo 400. Hata hiyo, kwa familia yao, itabidi maji wajaze huko huko waendako na sufuria zipungue. Dada, nisamehe.

Shemeji, Jumamosi saa mbili asubuhi nakuja. Pakieni kila kitu kama siku ya safari, mjaze maji, watoto wafunge mikanda. Tunakwenda mizani ya malori pale kwenye kituo cha mafuta, nalipa mimi. Watatupa karatasi yenye uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma, kila moja peke yake, tutaiweka pembeni ya stika ya mlangoni tukiwa wawili tu. Kwenye kundi sitaandika neno.