Mama na mdogo wake, Katumba

Nimesoma habari ya dada wawili waliozeekea Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania, nayo imeniliza, maana inafanana kabisa na ya mama yangu na mdogo wake. Alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa msichana, mdogo wake mgongoni. Ilipofika 2008 watu wakaulizwa: kurudi au kuomba uraia wa Tanzania? Mama akabaki, na cheti akakingoja hadi Rais Kikwete alipoanza kuvigawa 2014. Mama mdogo akarudi kwao Bururi, Burundi. Shamba la babu akakuta linalimwa na wengine, na majirani wakamwita Mtanzania! Wapo wanaosema watu kama hawa wangechagua nchi moja tu; msiwaambie hivyo, tafadhali. Mpaka leo mama mdogo akimpigia mama simu, kabla hata ya salamu anauliza: “Dada, mwembe wetu umezaa?”