Kamera darasani: mie nasema ndio, ila tuanze na maskio

Kwenye mkutano wa wazazi wa skuli moja hapa kisiwani Mombasa, mazungumzo yalipofika kwenye kufundisha watoto filamu na vidio, baba mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome ama nimemleta apige picha?" Wazazi wengi wakaguna kukubaliana nae. Mie nilikuwa nimekaa nyuma, nilialikwa kwa sababu Jumamosi huwa naenda kuwasaidia wanafunzi wa klabu ya vidio, siku zengine kazi yangu ni kupiga na kuediti vidio za harusi. Lile swali si la kupuuza. Tangu siku ile nalizungusha kichwani, na nimeona yule baba ana haki kwenye mambo kadhaa tena makubwa, ijapokuwa mwisho wa yote sikubaliani nae.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Januari 2026 watoto wa mtaala mpya wameingia gredi ya 10, kundi la kwanza kabisa, na huko kuna njia tatu: sayansi na teknolojia, ile inaitwa STEM, kisha sayansi ya jamii, kisha sanaa na michezo. Hii kazi yetu imewekwa pahali pawili. Kwenye sanaa kuna Tamthilia na Filamu, na kwenye STEM kuna Teknolojia ya Media. Wazazi wengi hawalijui hili, wadhani mtoto akipenda kamera lazima aage fizikia, na si hivo. Ila pia skuli hailazimishwi kuwa na njia zote tatu, STEM ndio ya lazima, kwa hivo mtoto anaweza kupenda filamu kwa moyo wake wote na skuli aliopangiwa haina.

Sasa pale yule baba ana haki. Kwanza ni vifaa. Kamera moja na watoto arobaini maana yake watatu wanafanya kazi na thalathini na saba wanatazama migongo ya wenzao, na hapo hakuna somo. Simu mwanafunzi haruhusiwi kuja nayo skuli, kwa hivo kile kifaa ambacho kingepunguza foleni kimebaki nyumbani. Dakika moja ya vidio ya kawaida ya simu ni kama mega 100, pengine na zaidi, piga hesabu ya darasa zima halafu uniambie zitahifadhiwa kwenye laptopu gani. Na hapa Mombasa tuna adui wetu wa peke yetu, unyevu. Skuli moja niliokwenda walinunua lenzi nzuri wakaifungia stoo likizo yote ya Disemba, tulipoifungua Januari ndani ya kioo kumemea kuvu, vinyuzi vyembamba vyeupe kama utando wa buibui, na kile hakifutiki kwa kitambaa kwa sababu kiko ndani. Niliumia kuiona. Pesa za wazazi zile, na hakuna aliefanya kusudi, ila hakuna mtu aliewaambia kuwa lenzi huku pwani yataka boksi lisiloingiza hewa na vile vipakiti vya kukausha unyevu.

Halafu pesa. Hapa nakasirika kidogo, kwa sababu kuna watu wanaliuza hili somo kwa kuwaambia watoto watatajirika mtandaoni. YouTube haikupi hisa ya matangazo mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama zile Shorts zako, vidio fupi fupi, zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na mtoto ambae hajafika miaka 18 hawezi kupokea zile pesa kwa akaunti yake mwenyewe. Kazi ninayoijua mie ni harusi, na harusi zina msimu, Shaabani huna hata nafasi ya kulala, Ramadhani yote umekaa, Mfunguo Mosi unaanza tena. Inaniweka mjini alhamdulillahi, lakini mzazi akiniuliza kama ni kazi ya uhakika siwezi kumdanganya.

Kwa hivo mbona bado nasema ndio?

Kuna msichana wa kidato cha tatu alimhoji mama mmoja anaeuza viazi karai Likoni karibu na kivuko. Walizungumzia lile daraja la kuelea lililowekwa 2020 baina ya Liwatoni na Ras Bofu, la watu wa miguu. Yule mama akasema, "Daraja liliwasaidia watu kuvuka mwanangu, lakini sie wa biashara ya huku lilituumiza, wateja walipitia kule." Msichana alipokaa kuediti muda ulikuwa umezidi, akatafuta pa kupunguza, akakata pale pale kabla ya "lakini". Nikamwambia arushe vidio mbele ya wenzake, halafu nikarusha ile ambayo haijakatwa. Darasa kimya. Akaniambia, "Ticha, lakini si ni maneno yake mwenyewe?" Ni yake kweli, kila neno, sauti yake na uso wake, na yule mama sasa anaonekana analisifu daraja lililomkosesha wateja. Tulikaa na zile sekunde mbili tatu nusu saa nzima, tukisogeza mkato mbele na nyuma.

Agosti 2027 twaenda kwenye uchaguzi, na simu za hawa watoto zitajaa klipu za wanasiasa zilizokatwa kabla ya "lakini", na nyengine ambazo hakuna mtu aliezisema kabisa, zimetengenezwa na akili mnemba. Waweza kumwambia mtoto asiamini kila kitu, atakuitikia "sawa" na ataendelea kusambaza. Lakini alieshika mkasi mwenyewe akakata, akaona jinsi ilivokuwa rahisi, huyo akiona klipu ya sekunde nane atauliza kabla yake kulikuwa na nini. Mie sijaona somo jengine linalofundisha hivo kwa mikono.

Upande wa heshima za watu nao pia wazazi wana hofu, na ni hofu ya haki. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 yataka mzazi akubali kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na 2023 kuna skuli ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ya idhini ya wazazi. Lakini sie wa pwani hili halikuanza na sheria. Kwenye kupamba, bibi harusi huonyeshwa kwa kina mama peke yao, simu huzuiliwa mlangoni na mpiga vidio lazima awe mwanamke. Sitara tunaijua toka utotoni, kazi ni kuitoa ukumbini na kuileta darasani, mtoto aulize "naruhusiwa?" kabla ya kubonyeza. Na tena angalieni, kumbi zataka wanawake wa kamera na hatutoshi, msimu ukifika nakataa kazi. Mabinti wanaojifunza sasa, hio nafasi iko wazi kwao kuliko kwa kaka zao.

Kwa hivo langu ni hili. Skuli isikimbilie kununua kamera. Muhula wa kwanza waandike na wanase sauti tu, kinasa sauti kidogo na hedfoni ni bei ambayo skuli nyingi zinaweza, na watoto wanne wanne kila mmoja anapata zamu. Jumamosi iliopita tuliwapeleka Mama Ngina, pale kando ya bahari, rikodi ya kwanza ilikuwa upepo mtupu, mwanzo mpaka mwisho huskii mtu. Wakavua soksi wakaivisha maiki, wakageuza migongo baharini, wakarudia mara tano mpaka sauti ya muuza madafu ikatoka safi. Muhula wa pili ndio kamera, na iende na boksi lake la kukaushia. Na mwalimu apelekwe mafunzo kabla ya kifaa kununuliwa, kwa sababu walimu wengi wanatupiwa hili somo ilhali hawajawahi kuediti hata dakika moja, na hilo si kosa lao.

Yule baba nilimfuata mkutano ulipomalizika, nikamuomba aje Jumamosi moja akae na sie. Kumbe ni fundi wa umeme. Bado hajaja, nami bado namtafuta, kwa sababu mwanawe ndie mwenye maskio makali kuliko wote mle, na taa zetu mbili za kupigia vidio zatupiga shoti.